Hoteli moja ya Upanga: Kiingereza cha kukariri, Kiswahili cha kubahatisha

Mwishoni mwa mwezi wa Aprili, katika wiki ambayo mvua za masika zilikuwa hazijaamua kama zinaondoka au zinabaki, nililala siku tano katika hoteli moja ya nyota tatu iliyopo Upanga, Dar es Salaam, mwendo wa dakika kumi kwa gari kutoka Posta pale barabara zinapokuwa wazi. Nilikuwa na mama yangu mzazi, niliyemleta kutoka Dodoma kwa ajili ya matibabu ya macho, na kuanzia siku ya pili walijiunga nasi wenzangu wawili wa kazi: mzee mmoja mhariri kutoka Lubumbashi, na dada mmoja Mjerumani ambaye ndiyo kwanza anajifunza Kiswahili. Chumba kilikuwa shilingi 140,000 kwa usiku mmoja pamoja na chai ya asubuhi. Jina la hoteli naliacha, kwa sababu maoni yangu nimeshamkabidhi meneja kwa maandishi, na kwa sababu mengi ya nitakayoyaeleza nimeyakuta, kwa sura tofauti kidogo, katika hoteli nyingine za kiwango hicho hicho hapa mjini.

Yanayohusu jengo nitayamaliza haraka. Vyumba ni visafi, shuka zinanukia jua, chandarua hakina tundu, maji ya moto yapo saa zote na lifti inafanya kazi. Kiyoyozi cha chumba chetu kilidondosha maji usiku wa kwanza. Fundi alifika baada ya dakika ishirini akiwa na ndoo na bisibisi, na hakikudondosha tena. Intaneti ni nzuri ghorofa za chini na inalegea kadiri unavyopanda. Supu ya asubuhi inashinda chakula chao cha usiku kwa mbali. Anayetafuta kitanda na bafu kwa bei hiyo hatajuta, na anaweza kuishia kusoma hapa. Mimi nahariri na kufasiri kutwa nzima, kwa hiyo kilichonishughulisha kwa siku zote tano ni namna wafanyakazi wa hoteli hii wanavyozungumza na wageni, na hasa kinachotokea pale maneno waliyofundishwa yanapowaishia.

Tulifika jioni tukitokea stesheni ya treni ya umeme. Mama alikuwa amejitanda khanga, mimi nimebeba begi lake, na sidhani kama kuna ambaye angetuona akatudhania watu wa ng'ambo. Nilimsalimia binti wa mapokezi, "Habari za jioni, dada." Alinijibu kwa Kiingereza, kwa tabasamu na kwa matamshi mazuri mno, akatukaribisha, akauliza safari ilikuwaje, akaomba vitambulisho, akaeleza saa za chai na neno la siri la intaneti, yote kwa mtiririko mmoja usio na kikwazo, kama mtoto wa madrasa anayesoma sura aliyoihifadhi barabara. Mama alikuwa amesimama kando yangu akisubiri kuamkiwa. Hakuamkiwa. Mwishowe akanigeukia na kuniuliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya chini kama alivyodhani, "Huyu mtoto ni wa wapi?"

Binti alisikia. Papo hapo akaweka kalamu chini, akasema, "Shikamoo mama, pole na safari." Mama akaitikia marahaba kwa moyo mweupe, wakaulizana nyumbani ni wapi, ikabainika kwamba binti ni wa Kondoa, mkoa wetu huo huo wa Dodoma, na kuanzia dakika hiyo mambo yote pale kaunta yalikwenda kwa urahisi. Nasisitiza kwamba binti yule hakuwa na dharau hata chembe. Alikuwa anatekeleza mafunzo yake: mgeni anakaribishwa kwa Kiingereza, kwa mpangilio huu, kwa maneno haya. Hakuna aliyemfundisha kwamba mgeni mwenye umri wa bibi yake naye ni mteja, na kwamba kwa mteja huyo huduma inaanza na shikamoo.

Kisha ikaja fomu. Ilikuwa ya Kiingereza kitupu, kurasa mbili, na juu ya mstari wa kusaini palikuwa na aya ndefu kuhusu fedha ambazo mgeni huziacha mapokezi endapo kitu kitaharibika chumbani. Mama amekuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa kwa miaka mingi na hajawahi kusaini asichokijua. Akauliza, "Hapa nasaini nakubali nini?" Yule binti aliyekuwa akitiririka dakika mbili zilizopita akakwama.

"Hiyo ni dipoziti tu, mama. Ni kama... unaacha, halafu unarudishiwa."

"Narudishiwa lini?"

"Ukicheki-auti."

"Na nisiporudishiwa?"

Hapo akacheka kwa aibu, akanitazama mimi. Niliisoma ile aya na kumweleza mama kwamba anaacha dhamana ya shilingi 50,000. Siku ya kuondoka chumba kinakaguliwa mbele yake. Kikikutwa kitu kimevunjika anakatwa thamani yake, na kisipokutwa anarudishiwa fedha zote siku hiyo hiyo. Mama akasaini. Haikuwa kazi hata ya dakika moja, na hakukuwa na neno hata moja ambalo binti hakulijua. Dhamana analisikia kila siku kwenye taarifa za mahakamani redioni. Ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba linafaa pia pale kaunta kwake.

Hapa ndipo ninapoiona kasoro kuu ya hoteli hii, na kila nilichokiona baadaye kilinirudisha pale pale. Kiingereza cha wafanyakazi ni kizuri kwa yale yanayotabirika na kinakatika mara jambo linapotoka nje ya mstari, wakati Kiswahili chao, ambacho kwa kweli ndicho hazina yao, hakijawahi kufanyiwa kazi yoyote. Wamefundishwa kukaribisha katika lugha moja, na hawajafundishwa kueleza katika lugha yoyote.

Ukiifuata njia waliyopitia hutashangaa. Katika shule za serikali mtoto husoma msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Akienda kusomea hoteli, iwe katika Chuo cha Taifa cha Utalii chenye kampasi yake ya Bustani hapo katikati ya jiji, iwe VETA au chuo binafsi, msamiati wa kazi kwa sehemu kubwa unamjia kwa Kiingereza: majina ya vyumba, ya vyombo, ya malipo, ya malalamiko. Ndiyo maana Kiswahili cha mapokezi kimejaa kucheki-ini, rumu sevisi na dipoziti. Sina ugomvi na maneno ya mkopo; meza yenyewe tuliikopa kwa Wareno, sahani kwa Waarabu na hoteli kwa Waingereza, na hakuna anayelala na deni hilo. Tatizo linakuja pale mfanyakazi anapokopa neno bila kukopa maana yake, kiasi kwamba mgeni akiuliza swali la pili, hana la kujibu.

Na mgeni wa siku hizi anauliza swali la pili, na la tatu. Hoteli kubwa za jiji hili zilijengwa zikiwatazama watu wa mbali. New Africa ina asili yake katika Kaiserhof ya enzi za Wajerumani, na Kilimanjaro, iliyofunguliwa mwaka 1965, ilikuwa sebule ya nchi changa kwa wajumbe na wafanyabiashara wa kimataifa. Mtalii naye alikuja akiwa mikononi mwa kampuni: alipokelewa uwanja wa ndege, akaongozwa na dereva anayemsemea kila kitu, na hotelini akahitaji salamu, ufunguo na chakula tu. Kwa mgeni wa namna hiyo maneno hamsini ya kukariri yalitosha. Leo mgeni anapanga safari mwenyewe kwa simu, anasoma yaliyoandikwa na waliomtangulia, na anafika mapokezi akiwa na maswali ambayo hayamo kwenye kitabu cha mafunzo: boti ya Zanzibar ya asubuhi inajaa saa ngapi, laini ya simu inasajiliwa wapi kwa pasipoti, anaweza kulipa kwa M-Pesa, chai inaweza kuwahishwa kwa sababu treni yake inaondoka alfajiri.

Isitoshe, mgeni huyo mara nyingi si Mzungu. Asubuhi ya tatu, nikisubiri chapati, nilihesabu meza kumi na moja zenye watu. Saba zilikuwa zinazungumza Kiswahili: watu waliokuja kwenye semina, familia iliyoleta mgonjwa, bwana harusi na wapambe wake ambao sura zao zilionyesha kwamba hawakulala. Mbili zilizungumza Kifaransa, wafanyabiashara waliofuata mzigo Kariakoo na bandarini. Moja Kichina. Kiingereza kilikuwa meza moja tu, aliyokaa mwenzetu Mjerumani na mgeni mwenzake, na hata pale hakikuwa lugha ya nyumbani ya yeyote kati yao. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mtu wa bara anaamua leo na kesho yuko Dar, na nadhani hoteli zenye akili zimeshaliona hilo kwenye daftari zao za malipo. Kwenye mafunzo yao sijaona dalili.

Mzee wetu wa Lubumbashi alitupatia somo zuri kuliko yote, tena bila kukusudia. Kiswahili ndicho lugha yake ya kila siku, lakini ni kile cha Katanga, ambacho watu ni batu, vitu ni bintu na maji ni mayi. Asubuhi yake ya kwanza alimwita mhudumu wa mkahawa na kumwambia kwa upole kwamba anaomba mayi ya moto, kwa kuwa alikuwa na dawa yake ya kuchanganya. Mhudumu akaitikia vizuri, akaenda, akarudi na mayai mawili ya kuchemsha yanayofuka mvuke, kwenye sahani, na chumvi pembeni. Mzee akayatazama mayai, akamtazama kijana, akayatazama tena mayai. "Mwanangu," akasema, "hii nitakunywa namna gani?"

Yaliyofuata ndiyo ninayotaka kuyasifu. Kijana hakuhamia kwenye Kiingereza, jambo ambalo wenzake wanne kati ya watano wangelifanya, wala hakumcheka mzee. Alicheka pamoja naye. Akauliza, "Baba, kwenu hiyo mayi ni kitu gani?" Mzee akaonyesha glasi. Maji yakaja, mayai yakabaki kwa hisani ya jikoni, na tangu asubuhi hiyo kijana akawa na kawaida ya kurudia kila agizo kwa maneno yake kabla ya kuondoka mezani: "Kwa hiyo baba, ni chai ya rangi bila sukari, na chapati mbili." Sijui kama anajua kwamba kurudia agizo ni ustadi unaofundishwa katika hoteli za bei mara nne ya ile. Yeye alifundishwa na mayai.

Jambo jingine lililonifurahisha lilikuwa salamu. Kijana huyo huyo alizoea kuwasalimia wageni wa nje kwa "Jambo!", neno ambalo sisi wa hapa tunajua ni la watalii na hatulitumii kati yetu. Mzee wa Lubumbashi alipolipokea alichangamka kama aliyefika nyumbani, kwa sababu kwao watu husalimiana hivyo kila siku, tena bila utalii wowote ndani yake. Mjerumani wetu kwa upande wake alikuwa ameshaonywa na mwalimu wake kwamba asiseme jambo, aseme habari, na akajiona amedanganywa. Ilinibidi nikae nao nusu saa nikiwaeleza, na supu yangu ikapoa.

Huyu dada Mjerumani anastahili aya yake, maana ndiye mfano wa matarajio mapya ambayo hoteli haijayazoea. Alikuja akiwa amelipa ada ya kujifunza Kiswahili na ametoka kwao na daftari. Kila alipojaribu sentensi, "Naomba taulo moja zaidi, tafadhali," alijibiwa kwa Kiingereza. Hakuna aliyekusudia kumkatisha tamaa. Kwa wafanyakazi, kumjibu Mzungu kwa Kiingereza ni adabu na tena ni kujionyesha kwamba umesoma. Siku ya tatu akaniuliza kama Kiswahili chake ni kibaya kiasi hicho. Nilimwambia ukweli, kwamba ni kizuri na kinaeleweka, ila hapa bado hatujazoea kumsubiri mgeni amalize sentensi yake katika lugha yetu. Mtu mmoja tu alimsubiri: mama wa usafi wa ghorofa ya tatu, ambaye Kiingereza chake ni kidogo sana na kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia. Alizungumza naye polepole, akionyesha kitu kwa mkono kila alipolitaja jina lake, shuka, foronya, mto, na dada akaandika yote. Alipoondoka alimwachia mama huyo bahasha, na mapokezi hakuacha kitu.

Mama huyo huyo nilimwona na mgeni Mchina aliyekuwa akizungumza na simu yake, na simu ikamwambia mama kwa Kiswahili cha ajabu kwamba "chumba kinalia usiku." Vifaa hivi vya kutafsiri vimekuwa sehemu ya maisha ya hotelini, na nilitegemea vingemchanganya. Mama alifikiri kidogo, akaingia bafuni, akafungua bomba, akasikiliza, akarudi na kuuliza kwa ishara: huku? Ilikuwa feni ya bafuni, inapiga kelele. Simu ilileta maneno matatu; mengine yote yalifanywa na mtu aliyekuwa tayari kutafuta maana.

Sasa nifike kwenye kisa cha gari, ambacho ndicho kilichoniudhi hasa. Mjerumani wetu alikuwa na ndege ya asubuhi, na usiku uliotangulia alimwomba kijana wa mapokezi, kwa Kiingereza, gari la kwenda uwanja wa ndege saa tano kwa hesabu yao, yaani saa kumi na moja alfajiri kwa hesabu yetu. Kijana alielewa vizuri, nilikuwapo. Akaandika kwenye daftari la magari: 5.00. Dereva alipopita kulitazama daftari akasoma kama anavyosoma saa maisha yake yote, akaona saa tano, akajua mgeni anaondoka asubuhi baada ya watu kunywa chai, akaenda zake kulala Mbagala. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa kibarazani, begi chini, mvua inanyesha kwa kishindo, na hakuna gari. Mlinzi akampigia dereva. Sauti ya usingizi ikajibu, "Si nimeandikiwa saa tano, kaka?"

Kila mmoja alikuwa sahihi kwa saa yake. Mgeni alisema sawa, kijana aliandika sawa, dereva alisoma sawa, na ndege ilikuwa inakaribia kuondoka. Tuliita gari kwa simu, likaja baada ya dakika kumi na nane ambazo nilizihesabu zote, na kwa bahati barabara ya Nyerere ilikuwa tupu saa hizo, akaiwahi. Hoteli iliomba radhi na kurudisha gharama ya gari, na hilo nawapa. Lakini mgongano wa saa za Kiswahili na saa za Kizungu haukuzaliwa juzi. Umekuwapo tangu mgeni wa kwanza alipouliza chakula ni saa ngapi. Hoteli inayoishi kati ya hesabu hizo mbili kutwa kucha haina kisingizio cha kuwa na daftari lenye safu moja ya saa. Ingetosha kuandika "saa 11 alfajiri" na "05:00" kwenye mstari mmoja.

Yapo mengine madogo ya jamii hiyo ambayo yanachekesha mpaka yakukute. Sisi tukiondoka kwenda kufuata kitu tunasema "nakuja", na mhudumu anayelihamisha neno hilo kwenda Kiingereza anamwambia mgeni kwamba anakuja huku akimpa mgongo. Mgeni anabaki ameduwaa. Vivyo hivyo pole: Mjerumani alipoteleza kwenye ngazi zenye maji na kuumia kifundo cha mguu, wafanyakazi watatu walimwambia "sori" kwa huruma ya kweli, naye akawahakikishia mmoja mmoja kwamba halikuwa kosa lao, mpaka nilipomweleza kwamba hawaombi msamaha, wanampa pole. Neno hilo moja, wangelisema kwa Kiswahili na kulieleza, lingekuwa zawadi kwa mgeni. Kwa Kiingereza liligeuka kuwa kukiri kosa, ingawa, tuseme ukweli, ngazi zile zilipaswa kukaushwa.

Upande wa maandishi hali ni mbaya zaidi. Hoteli ina namba ya WhatsApp, na kuwa nayo ni jambo jema, kwa kuwa wageni wengi sasa hawapigi simu ya chumbani kabisa. Niliandika kwa Kiswahili sanifu kuuliza kama mama anaweza kuhamishiwa ghorofa ya chini kwa sababu ya macho yake. Jibu la kwanza lilikuja mara moja, kwa Kiingereza kilichonyooka kama pasi imepita, likimshukuru mgeni mpendwa na halikugusa nilichouliza. Jibu la pili, la binadamu, lilikuja baada ya saa moja: "xawa bosi 2nafanyia kazi." Kati ya mashine isiyosikia na kijana anayeandika kama anamwandikia rafiki yake wa shule, hapakuwa na Kiswahili cha kawaida cha mtu mzima anayemjibu mteja. Chumba, hata hivyo, kilipatikana.

Mlinzi wa getini sijamtendea haki bado. Tulipotaka kwenda Magomeni kumwona shangazi, mapokezi walituitia gari na kututakia siku njema, kwa Kiingereza. Mlinzi ndiye aliyemsimamisha dereva na kusema, "Jangwani maji yamejaa, wamefunga tangu alfajiri, zungukeni." Kila masika bonde lile hujaa, na kila mwenyeji analijua hilo, mapokezi nao bila shaka walilijua. Ila kwenye maneno waliyofundishwa hakuna pahali pa kumwambia mgeni kwamba Jangwani hakupitiki.

Jioni ya nne nilikaa na meneja, mtu msikivu, wa makamo, ambaye alianzia kazi kwenye kuosha vyombo. Nilimuuliza wanamsaili vipi mtu wa mapokezi. Alisema usaili ni wa Kiingereza, mwanzo hadi mwisho. Nikamuuliza kama wamewahi kumpima mtu Kiswahili. Akanitazama kama niliyeuliza kama wanampima mtu kutembea. "Si kila mtu anajua Kiswahili, ndugu yangu?" Nikamsimulia habari ya dhamana. Akanyamaza, kisha akaniambia kwamba malalamiko mengi anayoyashughulikia ni ya wageni wa hapa hapa nchini, na kwamba karibu yote yanaanza na malipo ambayo mgeni anasema hakuelezwa. Alikuwa hajawahi kuyahesabu kama malalamiko ya lugha.

Nilimwambia pia, na hapa nakiri kwamba nilizidisha kidogo mamlaka ya mteja, kwamba Kifaransa kinamdai. Wageni wake wa Kongo na Komoro wapo tayari, na mashindano ya AFCON ya mwaka 2027, ambayo Tanzania inaandaa pamoja na Kenya na Uganda, yataleta mashabiki wengi zaidi wanaozungumza Kifaransa na Kiarabu. Alliance Française iko Upanga hapo hapo, na Goethe-Institut vilevile. Mfanyakazi anaweza kwenda darasani kwa miguu baada ya zamu. Akasema gharama. Nikasema aanze na wawili. Akacheka na kuniongezea kahawa, jambo ambalo mameneja hufanya wanapotaka mazungumzo yaishe vizuri.

Kwa hiyo, kwa anayetaka uamuzi: usafi na fundi nawapa alama nzuri, mkahawa nzuri zaidi kwa ajili ya yule kijana, mapokezi wastani, mawasiliano ya maandishi chini ya wastani. Ukienda, omba ufafanuliwe fomu kabla ya kusaini, kwa lugha unayoitaka, na usikubali "ni kawaida tu" kama maelezo. Ukiagiza gari, taja saa kwa hesabu zote mbili na ulitazame daftari mwenyewe. Na mzazi wako akiwa nawe, mtangulize mbele kaunta.

Daktari amemtaka mama arudi mwezi wa saba, na nimeshaweka nafasi pale pale, kwa sababu mama amesema haendi kwingine. Anataka kumwona binti wa Kondoa. Uthibitisho ulikuja kwa WhatsApp, kwa Kiswahili, safari hii bila xawa: chumba ghorofa ya kwanza, gari la kutupokea stesheni saa 2:30 usiku, yaani 20:30, zamana shilingi 50,000, inarudishwa siku ya kuondoka baada ya chumba kukaguliwa. Dhamana wameiandika kwa z. Sikuwasahihisha.